Kilimia Juu ya Mtaa wa Sikukuu

Picha mbichi ya anga iliyopigwa Kariakoo siku hizi haina weusi hata mahali pamoja. Upande wa Posta na bandari imejaa weupe mchafu. Upande wa Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, weupe unapungua kidogo. Pembe zote nne zimefifia. Katikati, ukikaza macho, ipo Nebula ya Orioni.

Tulipokuwa watoto anga haikuwa na cha kusafishwa. Nyumba za Mtaa wa Sikukuu zilikuwa za chini, mabati juu, vyumba vikitazamana kwenye ukumbi, na uani nyuma ambako joto la Januari lilitutoa na mikeka yetu. Bibi, mzaliwa wa Kisarawe na mtu wa jembe hadi alipohamia mjini, alikifuatilia Kilimia, kile kishada cha nyota, kama wengine wanavyofuatilia kalenda. Hakutuonyesha kwa kidole, alituambia tutafute wenyewe, na tulikipata. Aprili 1986 nyotamkia ya Halley ilipopita anga ya kusini, tuliitafuta palepale uani, tukaona kijiukungu kidogo, tukagombana kama kina mkia au hakina.

Ghorofa zilianza kupanda, uani ukawa stoo, stoo zikawa maduka. Anga ya mtaani leo ni ufa tu kati ya majengo. Bahati yetu ni kwamba tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na Nebula ya Orioni hupita karibu kabisa na utosi. Mwishoni mwa Januari, kati ya saa tatu na saa nne usiku, huingia ndani ya ufa huo. Mawingu ya Magellan hayana bahati hiyo. Hukaa chini, kusini, na huko ndiko ziliko taa za bandari na Temeke.

Basi ndiyo kazi yangu ya usiku sasa, juu ya paa, kutenganisha nuru na nuru. Kasoro ya lenzi, ile inayofifisha pembe, ina tiba ya haki. Kabla sijaifungua kamera kwenye darubini, bila kugusa fokasi, nafunika mdomo wa darubini kwa fulana nyeupe iliyonyooka, na mapambazuko yakifika napiga picha za mwanga ulio sawa kila upande. Tunaziita flati. Zinaonyesha pembe zilivyofifia na vivuli vya duara vya kila chembe ya vumbi. Programu huigawa picha ya nyota kwa flati hiyo. Inagawa, haitoi, kwa sababu lenzi hupunguza nuru kwa sehemu: pembeni robo imepotea, katikati haijapotea kitu. Ukifanya vizuri, pembe hurudi kama zilivyokuwa, na huwa nafurahi kila mara.

Mwanga wa mji haupunguzi chochote, umejiongeza juu ya nuru ya nyota. Huo hutolewa, na hutolewa baada ya flati, kwani pembe zikiwa bado zimefifia utakuwa unapima uongo. Katika programu ya Siril unachagua vidoa vya anga tupu, mbali na nyota na nebula, programu inachora mteremko wa mwanga kati yake, kisha inautoa wote. GraXpert nayo hufanya hivyo, na zote ni za bure. Hatari iko kwenye kuchagua: ukiweka kidoa juu ya ukungu hafifu wa nebula, nao unaondoka, na picha itapendeza hata hivyo.

Lakini kutoa si kurudisha. Nuru hutua kwenye kihisi kwa chembe, bila mpangilio, na chembe za taa zikitolewa, mtikisiko wao unabaki, ile chengachenga inayofunika nebula. Anga ikiwa na mwanga mara 10, unahitaji takriban mara 10 ya muda ili uone kitu kilekile hafifu. Programu haiwezi kunirudishia anga ya uani.

Mgao wa umeme wa 2006, na wa 2011, uliirudisha kidogo. Jenereta za maduka zilinguruma, lakini taa za barabarani zilikuwa zimekufa. Sitamani mgao, watu walipoteza mitaji. Mwaka 2025 biashara ya saa 24 ilizinduliwa hapa, na mama anayefunga kibanda saa nane usiku anastahili njia yenye mwanga. Anauhitaji mwanga chini, miguuni pake. Ule unaopanda juu ya mabati haumsaidii, umelipiwa na hakuna anayeutumia. Taa yenye kofia, iliyoelekezwa chini, haigharimu mtaa usalama wake. Nimeanza kuwaambia wenye majengo, nikienda na picha mbili: mbichi, na iliyosafishwa. Mmoja, wa Mtaa wa Narung'ombe, ameshainamisha taa zake za paani.