Walichokikuta watoto Kishapu

LIKIZO ya Juni, baba mmoja mkazi wa Dar es Salaam aliwapandisha wanawe wawili basi la Shinyanga. Watoto waliambiwa wanakwenda kumsalimia shangazi. Hawakuambiwa kwamba baba anakwenda kuuza ngitili aliyoachiwa na babu yao, ili mdogo wake apate mtaji wa kununua karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, huko Nyarugusu mkoani Geita.

Kijiji kiko wilayani Kishapu. Asubuhi ya kwanza, binti wa miaka tisa alipiga goti na kusema shikamoo. Shangazi aliitikia, kisha akamfundisha salamu ya nyumbani: mwangaluka. Mdogo wake alikuwa anatafuna michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, akiuliza kama ni chipsi.

Jioni shangazi aliwapeleka ngitilini. Kwa Wasukuma, ngitili ni eneo linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti vikue, kisha hufunguliwa kiangazi, malisho yanapoadimika. Miti mingi ya Shinyanga ilikatwa zamani kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na familia nyingi zikaurudia utaratibu huu wa mababu.

Shangazi aliwaonyesha miti ya kuni, miti ya dawa na minyaa ya mpakani.

"Ng'ombe waliouzwa kumlipia baba yenu ada walikula hapa," alisema.

Baba alikuwa nyuma yao. Alisikia.

Siku ya nne walipitia Kahama hadi Nyarugusu. Vumbi, kelele za karasha, vijana wakitoka kwenye maduara. Baba alimwambia mdogo wake kwamba ngitili haiuzwi. Atamchangia kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara. Mdogo wake alikuwa ameshaongea na mwenye mashine. Chakula cha usiku kililiwa kimya.

Mzazi, wengi wetu huwapeleka watoto kwetu wakati wa msiba tu, tena kwa siku mbili. Watoto huliona kaburi la babu, lakini kazi ya mikono yake hawaioni. Ukienda safari ijayo, waache watembee na wazee kabla vikao vya watu wazima havijaanza. Nawe fuatana nao.