Duka la Mzee Keya, Katunguru

Juzi nilimsikia kijana wa sekondari, mzaliwa wa Katunguru, akiuliza Keya ilikuwa kampuni ya nani. Alidhani ni kampuni ya samaki. Sikumlaumu yeye. Niliwalaumu waliomsomesha, nikatulaumu na sisi wazee wake, maana miaka hamsini iliyopita hapakuwa na mtoto kijijini kwetu aliyehitaji kuelezwa jambo hilo. Keya lilikuwa jeshi, King's African Rifles, na Keya wa kwetu alikuwa na duka.

Duka lenyewe lilikuwa upande wa Kasese, ukishavuka daraja la mfereji wa Kazinga. Kuta za udongo, paa la bati, mbele baraza yenye benchi moja. Nimejaribu kupanga tarehe zake. Hifadhi yetu ya wanyama, leo Malkia Elizabeth, ilitangazwa mwaka 1952, ikabadilishwa jina miaka miwili baadaye Malkia huyo alipopita, na reli ikafika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya mgodi wa Kilembe. Wazazi wangu walikuwa wakisema duka lilikuwepo kabla ya reli. Basi, hilo latosha.

Harufu ya mle ndani ninayo hadi leo. Mafuta ya taa yalitangulia, kisha sabuni ya mche, kisha samaki aina ya ngege wa kubanika waliosubiri lori, na chini ya vyote chumvi ya Katwe, ile ya kijivu, inayolowa kwa hewa ya mvua ikaacha alama sakafuni. Sabuni aliikata kwa waya mwembamba, akipima kwa jicho, na vipande vilitoka sawa kila mara. Sukari aliifunga katika karatasi aliyoiviringa kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukishika kijiko cha mzani. Mtoto akitumwa na shilingi, ilimpasa ahesabu chenji kwa sauti, kwa Kiswahili, mpaka mwisho. Ukikosea unaanza upya. Watu wazima waliokuwa nyuma yako kwenye foleni walingoja, na hakuna aliyenung'unika.

Tulimwita Mzee Keya, kama walivyoitwa wenzake wengi katika vituo vya biashara kutoka Katunguru hadi Bwera. Alikuwa askari wa batalioni ya nne, ile ya Uganda, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyovaa alama ya kifaru begani. Mwaka 1944 waliteremka bonde la Kabaw, Burma, wakati wa masika ya kule. Barabara ikageuka tope, malori yakakwama, na watu wakaanguka kwa malaria zaidi kuliko kwa risasi. Desemba ya mwaka huo divisheni yao ikauvuka mto Chindwin pale Kalewa.

Ya risasi hakuyasimulia. Aliyoyasimulia ni ya ndege. Chakula chao kiliangushwa kutoka angani, na wao walikaa msituni wakisikiliza mngurumo juu ya mawingu, hawajui kama rubani atauona uwazi walioufyeka. Alisema mtu aliyelishwa hivyo hawezi tena kuitazama ndege kama watu wengine wanavyoitazama. Na yeye alitamani kuirusha. Lakini Mwafrika wa Keya alipewa bunduki, beleshi na usukani wa lori. Usukani wa ndege hakupewa. Hata malipo ya kuagwa vita vilipokwisha yalipangwa kwa rangi ya ngozi, ingawa tope lilikuwa moja. Kwa hicho kidogo alichopewa akanunua bati na mzani.

Siku za watafiti wa wanyama waliokaa Mweya, mle hifadhini, ndege ndogo ilikuwa ikipita chini chini juu ya mfereji kuhesabu tembo na viboko. Ikisikika, Mzee Keya aliacha mteja kaunta, akatoka barazani, akakinga macho kwa kiganja. Alitueleza rubani anafanya nini: sasa anapunguza moto, sasa anaulalia upepo, sasa anageuka ili mwenzake ahesabu upande wa pili. Chuo cha urubani kilipofunguliwa Soroti mwaka 1971, aliwaambia wanawe kwamba mmoja wao lazima aende. Hakwenda hata mmoja. Sikumbuki jambo jingine lililomsikitisha zaidi ya hilo.

Kwenye nyavu alikuwa mkali. Wavu wa matundu chini ya inchi tano haukuuzwa dukani kwake, hata ulipe mara mbili. Wavuvi wa kwetu walitoka kila upande, Wakonzo, Wanyankole, Waganda, Wakongomani, na wote waligombana naye kwa Kiswahili kile kile cha kambini, kisha wakarudi kununua. Leo nyavu za kukamata vifaranga vya samaki zinapenya usiku, na tunashangaa ngege wamekuwa wadogo kama kiganja cha mtoto. Hatuna haki ya kushangaa. Palikuwa na mtu aliyetuonyesha kipimo, tukamwona mkorofi.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu, mnaijua. Sukari ilipotea, sabuni ikapotea, akabaki na chumvi. Tembo wa hifadhi, waliokuwa zaidi ya elfu mbili mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakafika kama 150 mwaka 1980. Garimoshi liliacha kuja Kasese. Mwaka 1996 vita vya waasi vikaingia kwa mlango wa Mpondwe, mpakani na Kongo, na watu wa Bwera wakakimbia na magodoro vichwani. Yeye hakuhama. Aliuza muda wa simu kidogo, macho yakamzuia. Alifariki akiwa amevuka miaka tisini. Nyumba imebomolewa, na mahali pake vijana wanabeti mpira wa Uingereza tangu asubuhi.

Kinachoniudhi ni hiki. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule zetu, na mara moja tukaanza kulalamika kwamba walimu hawapo. Hapa kwetu lugha hiyo ililetwa na Keya, mgodi, samaki na biashara ya Kongo, ikafundishwa bure kwenye kaunta kwa chenji ya shilingi moja. Walimu hao wa kaunta tumewasahau. Kwa wenzake Mzee Keya waliokufa Burma bila kaburi linalojulikana, upo mnara Taukkyan, nje ya Yangon, wenye majina karibu 27,000 ya wanajeshi wa kila upande wa himaya ya Waingereza. Waliorudi wakajenga vituo vyetu vya biashara hawana hata ubao kando ya barabara.

Nawaomba wasomaji wa Kasese, Bwera, Katwe na kwingineko: kama kwenu alikuwepo mzee wa Keya, tafuteni karatasi yake ya kuachishwa jeshi na nishani yake kabla mchwa au mafuriko ya mto Nyamwamba hayajazichukua. Andikeni jina lake, namba yake, batalioni yake, na duka au shamba aliloanzisha aliporudi. Pelekeni nakala shuleni, mumpe mwalimu wa historia.