Sahani ya Fedha

Mwaka wa 1963, Kenya ilipokaribia Uhuru, walowezi wengi wa Bonde la Ufa waliuza mashamba yao, na vyombo vya nyumbani vikapelekwa mnadani. Katika mnada mmoja karibu na Nakuru iliwekwa mezani sahani kubwa ya Kiingereza yenye kifuniko, iking'aa kama mbalamwezi. Ilisemwa kuwa ni ya fedha, tena ya kale.

Mwalimu mmoja aliitamani. Mfukoni alikuwa na akiba aliyoiweka kwa ajili ya shamba. Kabla ya kutaja bei, alimwendea mpishi wa nyumba ile, aliyeisugua sahani hiyo miaka mingi. "Mzee, hii ni fedha kweli?"

Mzee alinyamaza. Kumwaibisha bwana wake hakutaka. Kumwacha kijana apotewe na mali yake hakuweza. Basi akaipindua sahani, akaweka kidole chini yake.

Kwa desturi ya Waingereza, fedha halisi hupigwa chapa ya simba atembeaye, ishara kwamba katika sehemu 1,000 za madini hayo, 925 ni fedha tupu. Kisha hupigwa chapa ya mji ilikopimwa, kama nanga kwa Birmingham. Pale hapakuwa na simba wala nanga. Palikuwa na herufi nne, E.P.N.S., yaani shaba iliyochanganywa na nikeli na zinki, ikavikwa fedha nyembamba kwa nguvu za umeme.

Mwalimu alishukuru, akarudi na akiba yake. Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Naye akisuguaye chombo hukijua kuliko akisifuye.