Mizani na Huruma

Katika kazi nyingi mtu hupimwa kwa ujuzi wake. Katika kazi yangu ya kwanza mimi nilipimwa kwa ratili. Kila asubuhi nilipanda juu ya mizani ileile waliyopanda abiria, uzito wangu ukasomwa, ukaandikwa katika karatasi moja na masanduku, magunia na mifuko ya barua. Nilikuwa rubani msaidizi katika shirika dogo la ndege la visiwa vya Karibi. Watu wakisikia hivyo hudhani kwamba elimu niliyorudi nayo ni elimu ya mawingu na pepo. Kweli mawingu yalinifunza mengi, lakini fundisho lililonipenya mpaka mifupani nililipata chini, mbele ya mizani.

Nilizaliwa Tanga. Jamaa zangu walichanga fedha, nami nikaenda Florida kujifunza urubani. Nchini Marekani mtu huweza kupata leseni ya kurusha ndege kwa malipo akitimiza saa 250 za kuruka, lakini tangu mwaka 2013 rubani wa mashirika makubwa ya abiria ya nchi hiyo hutakiwa, kwa kawaida, awe na saa 1,500. Baina ya tarakimu hizo mbili pana jangwa, na kila kijana hulivuka kwa njia yake. Mmoja hufundisha wanafunzi wapya. Wa pili huburura mabango ya matangazo juu ya fukwe. Wa tatu hutafuta shirika dogo katika visiwa, ambako safari ni fupi na kutua ni kwingi. Mimi nilikuwa huyo wa tatu.

Ndege yetu ilikuwa Britten-Norman Islander, eropleni ya injini mbili na magurudumu yasiyokunjwa, ambayo mfano wake wa kwanza uliruka mwaka 1965. Ina viti kumi pamoja na cha rubani, na rubani mmoja hutosha kuirusha. Kwa hiyo kiti nilichokalia kilikuwa kiti cha abiria ambacho hakikuuzwa. Nililijua hilo, na kila mtu kazini alilijua. Ili kukilipia kiti changu nilifagia ndege, nilifuta chumvi ya bahari katika vioo, nilipakia mizigo, nilifunga milango, nilisoma orodha ya ukaguzi, na mara kwa mara nikapewa usukani. Mshahara ulitosha kodi ya chumba na chakula cha kawaida. Utajiri wangu ulikuwa saa nilizoandika kila jioni katika daftari.

Viwanja vya visiwa vile havimsamehi mzembe. Kiwanja cha Saba kimejengwa juu ya ncha ya mwamba. Njia yake ni mita 400 hivi, na pande zote mbili inaishia kwenye genge juu ya bahari. Rubani wa kwanza kutua katika kisiwa hicho alikuwa Rémy de Haenen, mwaka 1959. Katika Saint-Barthélemy rubani hupita karibu kabisa juu ya barabara ya magari, kwenye mgongo wa kilima, kisha hushuka upesi katika njia ya mita 650 hivi inayoishia ufukoni. Montserrat ina mlima wa moto, Soufrière Hills, ulioamka mwaka 1995 na kuuzika mji mkuu wa Plymouth. Mwaka 1997 mlima huo ulikiharibu kiwanja cha zamani. Kipya kilifunguliwa mwaka 2005 upande wa kaskazini, na njia yake ni mita 550 hivi. Pepo za mashariki huvuma karibu mwaka mzima, na zikivuka vilima huvurugika na kuisukuma ndege chini. Miezi ya katikati ya mwaka huja vumbi la Sahara, likiwa limevuka Atlantiki nzima, likafifisha upeo wa macho. Nilipolifuta katika kioo nilisema moyoni: hata wewe umetoka Afrika.

Mahali kama hapo uzito ni jambo la uhai. Islander haitakiwi kuzidi ratili 6,600 inapoondoka, yaani kilo 2,990 hivi, pamoja na mafuta, watu na mizigo. Ikizidi, hukimbia mbali zaidi kabla ya kuacha ardhi, hupanda kwa uvivu, hutua kwa mbio, na injini moja ikizimika iliyobaki huenda isiweze kuishika angani. Nahodha wa jahazi huutazama ubavu wa chombo akaona maji yamefika wapi. Ndege haina mstari wa maji. Mstari wake ni karatasi ya uzito, na ukweli wa karatasi ni ukweli wa aliyeiandika. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Mwaka 1996 MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria. Mwaka 2011 MV Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba. Na vyombo vyote viwili vilikuwa vimejaa kupita kiasi. Niliyajua hayo yote siku niliyoandika uongo.

Alikuja mama mzee aliyekuwa akirudi kisiwani kwake. Alikuwa na cherehani ya chuma aliyomnunulia mjukuu wake. Hesabu ilionyesha kwamba tumezidi kwa ratili 30, na njia ya haki ilikuwa kumwambia kwamba cherehani itafuata kesho. Akanishika mkono, akaniita mwanangu, akasema mjukuu anamngoja kiwanjani. Nikamkumbuka bibi yangu. Uso wa mizani ulinielekea mimi peke yangu, nami nikaandika tarakimu ndogo. Aliyekuwa nyuma yake aliona, akaomba vivyo hivyo kwa sanduku la vipuri. Wa tatu akaomba kwa mifuko yake ya mchele. Ningewanyimaje nilichompa mwenzao? Huruma ya kwanza ilizaa ya pili, ya pili ikazaa ya tatu, mpaka karatasi ikawa na uongo wa ratili 150. Nikaitia saini, nikampa nahodha.

Nahodha wangu alikuwa mzee wa visiwa vilevile, mtu wa maneno machache. Aliisoma karatasi, akaiamini, kwa sababu hakuwa na kingine cha kuamini. Jua lilikuwa kali na upepo umelegea. Ndege ilikimbia, ikaifikia alama ambapo kila siku tulikuwa tumekwisha kuruka, ikaipita, ikazidi kukimbia. Niliuona mkono wake umetulia juu ya usukani kama wa mtu anayesikiliza. Tuliruka. Hakusema neno. Njia nzima niliwahesabu abiria waliokuwa nyuma yangu: walikuwa wanane, na mmoja wao mtoto aliyelala. Tulipotua breki zililia, na magurudumu yalisimama karibu na mwisho wa lami, mahali ambapo hatukupata kufika kabla ya siku ile. Mama mzee alishuka, akanibariki. Sijapata kupewa baraka nzito kama ile.

Nahodha aliwaomba abiria wangoje kidogo. Akaibeba cherehani mwenyewe mpaka kwenye mizani ya kiwanja kile, akaipima. Akapima sanduku, akapima mifuko. Kila tarakimu aliiandika kando ya tarakimu yangu. Alipomaliza akaniuliza:

“Ulimhurumia nani?”

Nikamwonyesha.

“Vema. Na hawa wengine, nani aliwahurumia?”

Aliripoti habari hiyo, kama ilivyompasa. Niliondolewa angani mwezi mzima, nikaachiwa kazi ya mizani. Kwa kijana anayehesabu saa, mwezi usio na hata saa moja ni adhabu kali, lakini mwezi huo ulinifumbua macho. Niliona kwamba kumkatalia mtu aliye mbele yako ni kugumu kwa kuwa uso wake unauona. Ana sauti, ana machozi, ana mkono wa kukushika. Wale watakaoumia kwa ukarimu wako wamekaa mbali, hawajui hata kwamba jambo lao linaamuliwa. Mizani iliwekwa iwe wakili wao, nami nilikuwa nimempa wakili huyo rushwa.

Wiki ya tatu mama yule alirudi. Aliniletea chupa ya jamu ya mapera kwa shukrani, na pamoja nayo alikuwa na kikapu kilichozidi. Nilimwambia, kwa heshima niliyoiweza, kwamba kikapu kitafuata kwa ndege ya jioni.

“Umekuwa mgumu, mwanangu,” alisema.

“Naam, mama.”

Akairudisha chupa katika mkoba wake, akapanda. Nilisimama karibu na kikapu nikaitazama ndege ikikimbia. Iliacha ardhi kabla ya kuifikia alama.

Siku hizi narusha ndege kubwa ambazo hesabu ya uzito wake hufanywa na kompyuta. Hata hivyo kila nitiapo saini karatasi yake huiona cherehani ile, nami huuliza swali la nahodha. Huruma ni johari ya mwanadamu, wala sijutii kuwa nayo. Ninachojutia ni kwamba nilimgawia mmoja kwa mali ya wengi, bila ya kuwauliza.