Inua Simu Nione

Ijumaa saa tatu usiku, stima ikikubali, natandaza taulo ya kijani mezani kwangu hapa Kitengela, nafunga simu kwenye rafu kwa seloteipu ikitazama chini, kisha bro anapiga kutoka Doha. Saa zao na zetu ni zile zile, hiyo ni bahati. Ni gadi kwenye jumba moja refu. Akitoka shifti anaoga, anapanda kitanda chake cha juu na kuongea kwa sauti ya chini ili asiwaamshe wenzake.

"Msomi, niaje? Jeshi langu liko sawa?"

Jeshi lake ni vizibo vya soda, vile vile ambavyo watu wa boda wanachezea drafti hapo steji. Vyekundu ni Waingereza. Nilivyovipaka wino wa bluu ni Wafaransa. Sheria tulizitoa mtandaoni bure, na vita ni ile ya Uingereza na Ufaransa kwenye misitu ya Marekani, 1754 hadi 1763. Tunayoirudia sana ni 9 Julai 1755. Jenerali Braddock anavuka mto Monongahela akielekea Fort Duquesne na askari kama 1,300, na Wafaransa wachache pamoja na wapiganaji wengi wa Kishawnee, Kilenape, Kiodawa na wengine wanawapiga kutoka nyuma ya miti. Kabla ya jioni karibu 900 wamekufa au kujeruhiwa. Braddock mwenyewe alipigwa risasi, akafa siku nne baadaye. Bro anapenda kuwa Braddock. Anaamini atapita.

Kucheza kwa mbali kuna shida moja: kamera haioni chini ya kizibo. Msituni naweka vizibo vilivyofunikwa, vingine vina punje ya mchele ndani, maana yake kuna watu, vingine ni hewa tu. Anayejua ni mimi niliye mezani. Dadu pia narusha mimi, zake na zangu. Akiuliza "hapo kuna mtu?" anachukua jibu langu na kuendelea. Hakuwahi kunishuku, na kwenye vizibo sikuwahi kumdanganya hata mara moja.

Nilimdanganya kwa chuo. Niliacha nikiwa mwaka wa pili, na hakuna kisa kikubwa cha kusimulia. Sikufukuzwa, sikuugua. Asubuhi moja ya mtihani nilifika mpaka geti nikarudi nyumbani, na kesho yake ikawa rahisi zaidi. Bro ndiye aliyekuwa akilipa karo. Aliendelea kutuma, nami nikaendelea kupokea: kodi ya bedsita, bando, na laptopu ya mitumba ninayoandikia kazi za watu wa mbali. Mwezi huo nilikuwa nikieleza ubora wa mashine za kukata nyasi. Kitengela nyasi hukatwa na mbuzi.

Kisha bro akachoka na Marekani. "Manze, sisi hatukuwa na vita karne hiyo?" Nikatafuta, nikapata ya Mombasa. Wareno walishaipoteza Fort Jesus kwa Waomani mwaka 1698, baada ya kuzingirwa zaidi ya miaka miwili na nusu. Mwaka 1728 wakarudi, wakaichukua tena. Hawakumaliza hata miaka miwili. Watu wa Mombasa waliwaasi mwaka 1729, wakawafungia ndani ya ngome, na Novemba njaa ikawatoa. Niliandika sheria zangu mwenyewe, kurasa nne.

Mchezo huo tuliufungulia Kajiado mjini kwa mama, Aprili, kwa sababu kwangu stima ilikuwa imepotea siku mbili. Nilipanda matatu na sanduku la viatu mapajani, vizibo vikilialia kila tuta mpaka Isinya. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Akauliza mbona hatuchezi vita ya hapa. Nikamwambia ya hapa haichezeki: ardhi ya Wamasai ilikwenda kwa mikataba, 1904 na 1911, na walipofika mahakamani 1913 wakaambiwa mahakama haina mamlaka, eti mikataba ile ni kati ya mataifa. Ungeweka vizibo wapi hapo? Mama akasema "haya," akanimiminia maharagwe kikombeni yawe chakula cha ngome.

Bro alikuwa Mreno. Kila zamu ngome inakula haragwe moja, dadu ikiwa mbaya mawili.

"Yamebaki mangapi?"

"Saba."

Mama akaniangalia. Alijua habari ya chuo tangu Krismasi. Aliniambia hatasema, lakini pia hatanisaidia kudanganya.

"Na mtihani unaanza lini, msomi? Nataka nitume ile pesa kabla mwezi haujaisha."

Mama akabeba sufuria yake akatoka nje. Nikamwambia.

"Tangu lini?"

"Februari ya mwaka jana."

"Kwa hivyo ya Mei. Na ya Septemba. Na ya Januari."

"Ndiyo, bro."

Nilisikia mtu akigeuka kitandani huko Doha, chuma kikilia. Nikadhani amekata. Kisha akasema, "Inua simu nione ndani ya kikombe."

Nikabandua seloteipu, nikaishusha simu. Akahesabu polepole, mpaka saba.

"Zamu ya nani?"

"Yako."

"Rusha."

Ngome iliishiwa chakula usiku huo huo. Tangu hapo hajaniita msomi, ananiita jina langu. Na kabla hatujaanza, kila Ijumaa, anataka nifunue kila kizibo cha msituni mbele ya kamera. Mchezo umeharibika, maana shambulio la ghafla halipo tena. Wiki iliyopita Braddock alifika Fort Duquesne na vizibo vyake karibu vyote. Bro hakushangilia. Aliuliza kodi yangu ni ngapi kwa mwezi, na zile mashine za nyasi zinanilipa ngapi. Nikafungua laptopu, nikaigeuzia simu.