Pasi na Pasi

Katika lugha ya Kiswahili neno pasi lina milango mingi. Kuna pasi ya kunyooshea nguo, ambayo zamani ilitiwa makaa ya moto na siku hizi hutiwa umeme. Kuna pasi ya mpira, ambayo mchezaji humpa mwenzake. Kuna kupasi mtihani. Na kuna pasi ya washairi, lile neno dogo lenye maana ya bila, ambalo mtunzi huliita limsaidie mizani inapombana: pasi shaka, pasi kificho, pasi na kiasi. Safari za angani zimeongeza mlango mwengine, nao ni pasi ya kupandia ndege, karatasi inayotaja jina la msafiri, atokako, aendako, siku yake na namba ya kiti chake. Kwa hiyo leo mtu aweza kusema, wala asiwe anacheza na maneno, kwamba pasi na pasi hapana safari.

Kwa anayeishi karibu na kiwanja cha ndege karatasi hiyo ni jambo dogo. Mkaazi wa Kiembesamaki huzisikia ndege zikishuka juu ya paa lake, na akikosea jambo katika safari yake, aweza kurudi nyumbani akalirekebisha kabla chai haijapoa. Kwa mtu wa Njombe habari ni nyengine. Mji huo uko katika nyanda za juu za kusini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mwezi wa Juni na Julai watu huvaa makoti mchana, na mashamba yake ni ya chai, viazi, parachichi na miti ya miwati. Njombe ilifanywa mkoa mwaka 2012, ilipotengwa na Iringa. Inacho kiwanja chake kidogo cha ndege, na katika daftari la viwanja vya dunia kimepewa herufi tatu, JOM, kama Unguja ilivyopewa ZNZ na Pemba PMA. Lakini anayekusudia kuvuka bahari aghlabu huteremka kwanza kwa gari: ama kwenda Songwe, kiwanja cha Mbeya kilichofunguliwa Desemba 2012, ama kwenda Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 700. Na njia kuu za pande zote mbili hupita Makambako.

Makambako iko kilomita zipatazo 60 kaskazini ya Njombe. Hapo barabara itokayo Songea na Njombe huikuta ile barabara kuu ya Dar es Salaam, Mbeya na Zambia. Hapo pia pana stesheni ya TAZARA, reli iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, urefu wake kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi. Ni mji wa njiapanda, na mji wa njiapanda hujifunza haraka haja za wapitao: chakula cha moto, chumba cha kulala, vocha ya simu, na karatasi.

Karatasi ndiyo kazi ya steshenari. Duka hilo, linalojulikana kwa jina hilo Tanzania nzima, huuza kalamu na madaftari, hutoa kopi, hupiga picha za paspoti, huskani vyeti, na huchapa chochote ambacho mteja anacho ndani ya simu na anakitaka mkononi. Mna kompyuta moja au mbili, printa, na pengine betri ya kuokoa kazi umeme unapokatika. Mwenye kuketi mbele ya kompyuta ni kijana, na katika shughuli zake za siku moja huona mambo ya watu ambayo zamani yaliishia kwa karani wa wilaya: hati za viwanja, barua za kuomba kazi, majibu ya hospitali, na safari.

Iko sababu ya msafiri kuihitaji steshenari akiwa tayari njiani. Mashirika mengi ya ndege hufungua mlango wa kujiandikisha katika mtandao saa 24 kabla ya ndege kuruka, na baadhi saa 48. Mtu wa mjini Dar es Salaam hufungua mlango huo akiwa sebuleni. Mtu wa Njombe, saa hizo zinapotimia, yumo ndani ya basi au yuko mbioni kulipanda. Hawezi kuichapa pasi jana, kwa kuwa jana haikuwapo. Na akingoja kesho, yuko Kitonga au Mikumi, ndani ya basi, ambamo hamna printa. Ndiyo maana saa moja ya kusubiri gari Makambako hugeuka kuwa saa ya kuchapa.

Achukuliwe kwa mfano mama mtu mzima, mkulima wa viazi, ambaye binti yake ameolewa Maskati na sasa amejifungua. Tiketi amekatiwa na binti. Ujumbe umeletwa katika simu ya kijana wa jirani, kwa sababu simu ya mama ni ile ndogo ya vitufe. Mama anaingia dukani na bahasha yake. Anaamkiwa, shikamoo mama, anaitika marahaba mwanangu, na akitambua sauti ya nyumbani huongeza kamwene ya Kibena. Kisha anasema haja yake kwa maneno machache: anataka ile karatasi ya ndege. Mtu anayezijua safari aweza kumwambia kwamba hana lazima ya kuhangaika, kuwa mashirika mengi humchapia msafiri bure pale kaunta, na kwamba paspoti na viza vitakaguliwa huko huko. Maneno hayo ni kweli. Yako vilevile mashirika ya bei nafuu, hasa ya Ulaya, ambayo humtoza msafiri aliyefika kiwanjani bila ya kujiandikisha. Lakini hoja ya mama si ada. Hajapata kupanda ndege. Mwanawe yuko mbali, lugha ya tangazo haijui, na kitu pekee ambacho ataweza kumwonesha mtu asiyemjua, na mtu yule akafahamu, ni karatasi yenye jina lake. Anayeibeza haja hiyo hajapata kusafiri katika lugha ya watu.

Karatasi yenyewe si ya zamani sana. Tiketi za karatasi za mashirika yaliyomo katika IATA zilikoma tarehe 1 Juni 2008, na tangu hapo tiketi ni maandishi yaliyomo katika kompyuta. Kujiandikisha kwa mtandao kulianza na Alaska Airlines ya Marekani mwaka 1999. Mashirika yakapewa mpaka mwisho wa mwaka 2010 kuacha pasi zenye utepe wa sumaku na kuchukua pasi zenye alama za kusomwa kwa mwanga, ule mstatili wa milia na vidoa uliojaa kama mkeka uliofumwa. Badiliko hilo ndilo lililoitoa pasi kiwanjani ikafika Makambako, kwani mkeka huo huweza kuchapwa na printa yoyote, juu ya karatasi yoyote nyeupe.

Ndani ya mkeka ule mna maneno machache yaliyopangwa kwa idadi kali, na mpenzi wa mashairi hatashindwa kuielewa idadi hiyo. Jina la msafiri limepewa nafasi 20, na lililozidi hukatwa. Kiwanja kimepewa herufi tatu. Siku haikuandikwa kwa mwezi, imeandikwa kwa hesabu tangu mwaka uanze, hata tarehe 1 Machi ya mwaka mfupi huwa 060. Jina la ukoo hutangulia, na hapo ndipo mtu wa pwani hupata mkasa, kwani jina lake la tatu mara nyingi ni la babu. Basi mwanamke hupanda ndege akiitwa kwa jina la mzee ambaye pengine hakuwahi kumwona. Tena mkeka umefumwa kwa hekima: sehemu yake ikichafuka kidogo au wino ukififia, vidoa vilivyosalia huweza kuikamilisha maana. Wasomao miswada ya kale wanaijua hila hiyo. Mchwa akila neno katika ubeti, msomaji aliyebobea hulirudisha kwa msaada wa vina na mizani. Lakini subira ya mashine ina mpaka wake, na kijana wa dukani anayeijua kazi yake huichapa pasi kwa ukubwa wake kamili, na humwambia mama asiikunje pale penye milia.

Kijana huyo ana jambo jengine la kufanya, nalo ni zito zaidi. Ili aichape pasi, imebidi ipelekwe katika kompyuta yake. Mama akishaondoka, nakala inabaki humo. Ina jina lake, na ina ule msimbo wa herufi na tarakimu unaoitambulisha safari yake. Kwa mashirika mengi jina la ukoo na msimbo huo vinatosha kumfungulia mtu mlango wa safari nzima, akaona namba ya simu, akabadili kiti, hata pengine akaivunja safari. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Hata hivyo watu wa pwani na wa bara walikuwa na neno lao kabla ya sheria, nalo ni amana. Aliyekabidhiwa barua aisome kwa mwenyewe asiyejua kusoma, haihubiri barazani. Kijana anayeifuta nakala mbele ya macho ya mama, bila ya kuombwa, ameitimiza sheria ambayo huenda hajaisoma.

Nyanda hizi zina kumbukumbu ya karatasi nyengine, isiyokuwa ya amana. Katika enzi ya ukoloni Njombe ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizotoa vibarua wengi wa mashamba ya mkonge, hasa ya Tanga. Vijana wa Kibena waliandikishwa, wakasafirishwa mamia ya kilomita kwenda pwani, na wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Mkononi mwao walikuwa na kipande, kadi iliyohesabu siku 30 za kazi, na siku isiyotiwa alama haikulipwa. Wao pia waliteremka kwenda baharini na karatasi. Tofauti ni hii, kwamba karatasi ile ilimfunga mtu kwa bwana wake na kuliweka jina lake nyuma ya namba. Pasi ya mama ina namba pia, ya kiti na ya foleni, lakini jina limetangulia, na namba inamtumikia yeye. Mjukuu wa manamba anaposisitiza jina lake liandikwe sawasawa, herufi kwa herufi, si ukaidi wa mzee wa shamba.

Wapo watakaosema kuwa haya yote ni makuu kwa karatasi ya kuonesha mlangoni kisha ikatupwa. Watu wa visiwani wana jibu lao, nao walilipata kwa gharama isiyosahaulika. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaa kupita kiasi. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Katika msiba wa kwanza, juu ya kilio cha waliokufa palikuwa na kilio cha pili: hapakuwa na orodha ya kutegemewa ya waliopanda. Watu waliingia bila ya kuandikwa, watoto wakahesabiwa mikononi mwa mama zao au wasihesabiwe kabisa, na idadi ikawa ni mabishano. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria karibu na kiwanja cha Bukoba. Walikuwamo watu 43. Wakafa 19, wakaokoka 24. Uchungu wa 19 haukupunguzwa na hesabu, walakini kila aliyekuwamo alijulikana, na hapana aliyebaki miaka akijiuliza kama ndugu yake alipanda au hakupanda.

Mali bila daftari huisha bila habari. Wahenga walisema hivyo juu ya mali. Mtu ana haki zaidi ya daftari kuliko gunia la karafuu, na pasi, kwa udogo wake wote, ni mstari mmoja wa daftari hilo. Inasema kwamba mtu huyu, kwa jina hili, siku hii, alikuwamo. Ikiwa atafika salama, itatupwa. Na kutupwa kwake ndiyo heri yake.

Karatasi sasa inaelekea ukingoni. Ryanair, shirika la Ireland, liliacha pasi za karatasi tarehe 12 Novemba 2025, likataka kila abiria aioneshe katika simu, na mengine huenda yakafuata. Kwa mwenye simu ya kisasa na betri iliyojaa ni wepesi. Kwa mwenye simu ya vitufe ni mlango mpya ambao ufunguo wake umo mfukoni mwa mtu mwengine. Wanaopanga safari za dunia watafanya vyema wakikumbuka kwamba wako wasafiri ambao hushuka kutoka baridini na mabegi ya viazi na asali kwa ajili ya wajukuu, na kwamba wasafiri hao hawaombi kurudishiwa zamani. Wanaomba kitu wanachoweza kukishika wenyewe, wakakisoma au wakasomewa, kinachowataja kwa majina yao. Maadamu haja hiyo ipo, printa ya njiapanda ya Makambako itaendelea kunguruma, na kijana wake ataendelea kuuliza, kabla hajabonyeza, kama jina limeandikwa sawa.