Aliyekaza Abaki

Sajenti amefariki kwao Kitui, na kwenye kundi letu la WhatsApp la maafisa tabibu vijana waliandika pole za mstari mmoja mmoja, kisha wakarudi kwenye ubishi wao wa posho. Wengi hawakumjua. Lakini kozi ya majeruhi wa mpakani wanayofundisha leo, nusu yake ni kazi ya mzee yule, na nusu nyingine ni mambo aliyoyapinga mpaka mwisho. Hilo ndilo lililonikalisha kuandika.

Mimi ni mtoto wa wafuga ngamia, nimekulia jirani na visima vya Orahey, Wajir. Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walipokusanywa na vikosi vya serikali na kuuawa kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla, nilikuwa kijana mwenye umri wa kuelewa. Serikali ilisema kwanza kwamba waliokufa walikuwa 57. Miaka mingi baadaye Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikaandika kwamba huenda walifika 1,000. Annalena Tonelli, yule Mwitaliano wa manyatta ya kifua kikuu, alikwenda kuokota majeruhi na maiti. Tulimjua kwa jambo jingine kabla ya hapo. Wafugaji walikuwa wakipewa dawa za kifua kikuu, wanahama na mvua, dawa zinakatika, ugonjwa unarudi. Yeye aliwakalisha mjini kwa miezi, na kila mmoja akatazamwa akimeza dawa yake. Dawa zilikuwepo hata kabla yake. Asiyekuwepo ni mtu wa kukaa na mgonjwa.

Nikaenda chuo cha mafunzo ya tiba Nairobi, nikarudi Wajir afisa tabibu, na watu wakaniita daktari kama wanavyomwita kila mwenye koti jeupe.

Sajenti nilimkuta miaka ya mapigano ya koo, kati ya 1992 na 1995, kabla juhudi za kina mama kama Dekha Ibrahim Abdi hazijazaa matunda. Majeruhi wa risasi walikuwa wanaletwa hospitali juu ya pikapu za mirungi. Yeye alikuwa muuguzi wa jeshi, mfupi, mkavu, asiyecheka mbele ya askari wadogo. Siku moja alinikuta nimemfunga kijana paja kwa mkanda wa kuzuia damu, kitambaa cha kikoi na kijiti, nami nimeshageukia mgonjwa wa pili.

“Daktari, umekaza?”

“Nimekaza, afande.”

“Basi umejifunga naye. Aliyekaza abaki.”

Sheria zake zilikuwa chache na hakuzipunguza. Kitambaa kiwe kipana, si kamba wala waya, maana waya unakata nyama. Kisiwekwe kwenye goti lenyewe wala kiwiko. Zungusha kijiti mpaka damu ikome kabisa. Ukikaza nusunusu unaziba mshipa wa kurudisha damu huku ule wa kuipeleka ukiendelea kumwaga, na umemuua mtu ukidhani unamsaidia. Andika saa kwenye paji la uso. Usimfunike blanketi ukausahau mkanda chini yake. Na kamwe usiulegeze kila baada ya robo saa “ili mguu upumue”, kama vitabu vya zamani vya huduma ya kwanza vilivyofundisha. Hilo lilimkasirisha kuliko yote, kwa sababu kila ukilegeza kikombe kimoja kinatoka, na mtu hana vikombe vingi.

Sehemu ya pili ndiyo tunayogombania hadi leo. Ikikaribia saa ya pili tangu ukaze, alisema, jiulize kama unaweza kumtoa kwenye mkanda. Mguu umekatika? Acha. Mgonjwa amelegea, mapigo yanakimbia, ngozi imekuwa baridi? Acha. Huwezi kulitazama jeraha kwa utulivu? Acha. La sivyo, sindilia shashi ndani ya jeraha mpaka chini, gandamiza, funga bandeji ya kubana, kisha legeza mkanda polepole ukiwa umeuacha pale pale ulipo, tayari kukazwa tena. Zikipita saa sita usiuguse. Mwachie daktari wa upasuaji, kwa kuwa misuli iliyokufa inamwaga ndani ya damu sumu ya kusimamisha moyo na kuua figo.

Haya nilikwenda nayo kwenye semina Nairobi. Daktari mmoja bingwa, simtaji, alisimama akasema mkanda ni wa mtu anayetaka kumuuzia mgonjwa mguu wa mbao. Ukumbi ukacheka. Tangu 1996 Wamarekani walikuwa wameshachapisha mwongozo mpya wa kuwatibu makomando wao vitani, uliourudisha mkanda mahali pake. Baadaye zikaja takwimu za hospitali ya kijeshi ya Baghdad: majeruhi 232, mikanda 428, na hakuna hata kiungo kimoja kilichokatwa kwa sababu ya mkanda peke yake. Bingwa yule nilimsikia tena baada ya miaka akihutubia kwa takwimu hizo hizo za Baghdad, kwa sauti ya mtu aliyeyajua siku zote. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Jeshi letu lilipoingia Somalia Oktoba 2011 kazi ilibadilika. Risasi zilikuwa zinaingia popote, lakini bomu la kutegwa barabarani linachukua miguu. Wakati huo nilikuwa mwenyekiti wa tawi la chama chetu, cheo ambacho kwa sehemu kubwa ni kukusanya michango, kuthibitisha alama za mafunzo ili watu wahuishe leseni, na kuwapatanisha watu wasiosalimiana. Nikataka matabibu wa vikosi, vijana wenye cheti cha miezi michache wanaotangulia kufika kwenye gari lililolipuliwa, waingie kwenye mikutano yetu. Mjumbe mmoja akaniambia hawa si wenzetu, hawamo kwenye daftari la baraza linalotusajili. Ni kweli hawamo. Lakini chama cha Marekani cha tiba ya operesheni maalumu, chenye jarida lake na mkutano wake wa kila mwaka, kinamkaribisha tabibu wa cheo cha chini akae na madaktari wa upasuaji. Nikapendekeza wakae viti vya nyuma, bila kura. Wakaja, na ndani ya miezi michache wao ndio waliokuwa wakiuliza maswali yenye maana.

Novemba 2014 al-Shabaab wakawaua watu 28 wasio Waislamu kwenye basi lililotoka Mandera, na wenzetu wengi wa kutoka bara wakaomba uhamisho. Aprili 2, 2015 likaja shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 wakauawa. Lilianza alfajiri na operesheni haikuisha mpaka jioni. Hapo kilichozuia msaada hakikuwa mchanga wala umbali, ni risasi zilizokuwa bado zinalia. Mtu anaweza kulala saa nyingi mjini kabisa, hospitali ikiwa jirani, asifikiwe.

Ndiyo maana sehemu ya pili ya Sajenti kwangu si nyongeza. Takwimu za Baghdad zilikuwa na helikopta nyuma yake. Sisi, kutoka vituo vya mpakani kama Khorof Harar au Diif, tuna Land Cruiser, mchanga, hofu ya bomu jingine njiani, kisha kungoja ndege ya kwenda Nairobi, zaidi ya kilomita 600 kwa barabara. Ukraine tangu 2022 wamelijua hilo kwa gharama kubwa: ndege za vita zisizo na rubani zinazuia majeruhi kuondolewa, mikanda inakaa saa nyingi, na matabibu wao wameeleza miguu iliyopotea ambayo pengine haikuhitaji mkanda hata kidogo.

Vijana wangu, mnaniita abti, yaani mjomba, na mnanipisha kiti, lakini hamnisikii. Mmepewa mikanda mizuri ya kiwandani, mnaivuta kwa sekunde chache, mnapiga picha, mnatoa cheti. Mkufunzi akiulizwa nini kinafuata, anajibu: mpeleke hospitali. Hospitali gani, na saa ngapi? Mnaogopa kumfundisha konstebo uamuzi wa saa ya pili kwa kuwa hana diploma. Basi nani atauamua, wakati aliye na diploma yuko Wajir mjini na simu haishiki? Uamuzi mnaomnyima hauji kwenu. Unabaki bila mwenyewe, na mguu unaoza njiani.

Katika mkutano wangu wa mwisho nikiwa mwanachama kazini, kamati ilipendekeza sehemu hiyo iondolewe kwenye kozi ya siku tatu ili kozi iwe ya siku mbili. Tulipiga kura, nikashindwa. Mstaafu hana kura, ila katiba ya tawi inamruhusu kuleta hoja kwa maandishi, na nimeileta kurasa nne, pamoja na mchoro wa Sajenti wa jinsi ya kusindilia shashi. Katibu amenijibu kwa adabu. Hoja yangu imepangwa mkutano ujao, kipengele cha mwisho, chini ya mengineyo, baada ya posho.